Doa na tundu: kisa cha mtoto wa miaka 7 wa chini ya Mlima Meru

Mhusika wa kisa hiki ni binti wa darasa la kwanza aliyeletwa kwetu na bibi yake mzaa mama kwa sababu ya jino lililomkosesha usingizi. Bibi na mama wa mtoto wameridhia kisa kiandikwe ili kiwafae wengine. Majina, kijiji, shule na vituo vya tiba vimeondolewa, na mambo machache ya kifamilia yamebadilishwa ili wasitambulike. Mimi ni tabibu wa meno katika kituo kimoja cha afya upande wa Arumeru, na sehemu ya makosa yatakayoelezwa hapa ni yangu.

Usuli

Familia inaishi kwenye miteremko ya Mlima Meru, ambako maji ya chemchemi hupita kwenye miamba ya volkano na kushuka yakiwa yamebeba floraidi nyingi, madini ambayo yakizidi hutia meno madoa. Msafiri wa barabara ya Arusha kwenda Moshi hupita Maji ya Chai, mahali panapoitwa kwa rangi ya mto wake, na wageni wengi hudhani kwamba rangi ile ndiyo inayochafua meno ya wenyeji. Sivyo. Floraidi haina rangi wala harufu, na maji meupe pe ya bombani yanaweza kuwa nayo nyingi kuliko ya mto wenye tope. Shirika la Afya Duniani linapendekeza isizidi miligramu 1.5 katika lita moja ya maji ya kunywa. Kwa miaka mingi viwango vya Tanzania viliruhusu hadi miligramu 4, kwa kuwa maeneo kama yetu yalikuwa na vyanzo vichache vya kuchagua.

Nyumbani wapo bibi, mtoto huyu, na mdogo wake wa kiume aliyekuwa na mwaka mmoja na miezi minane. Mama yao anafanya kazi Arusha mjini na hurudi Jumamosi jioni. Bibi ana genge dogo mbele ya nyumba, anauza nyanya, vitunguu, sabuni, biskuti, pipi na ubuyu. Maji ya kunywa na kupikia hutoka kwenye bomba la kijiji linaloletewa maji kutoka chemchemi ya juu. Lipo pia tenki la lita 1,000 linalokinga maji ya mvua kutoka batini, nayo yalikuwa yakitumika kufulia tu, kwa sababu bibi aliyaona hayana ladha.

Miezi saba kabla hatujaonana, mtoto alikuwa ameng'olewa gego moja la utotoni katika kituo kingine. Huko mtoa huduma alitazama meno ya mbele yenye madoa ya kahawia, akawaambia kwamba maji ya eneo lao yana floraidi nyingi mno, na kwamba waache kabisa dawa ya meno yenye floraidi. Sehemu ya kwanza ya maneno hayo ilikuwa kweli tupu. Sehemu ya pili ndiyo iliyozaa kisa hiki.

Siku alipofika kwetu

Mtoto alikuwa na uvimbe wa fizi upande wa chini kushoto na usaha kidogo ukitoka kando ya gego la utotoni. Hakuwa na homa, na uso haukuwa umevimba. Magego mengine matatu ya utotoni yalikuwa yametoboka, mawili kati yake kwenye pande zinazogusana na jino jirani, mahali ambapo mswaki hauingii vizuri. Magego manne ya kwanza ya ukubwani, yale yanayoota nyuma kabisa karibu na umri wa miaka 6 bila kung'olewa jino lolote, yalikuwa yametokeza. La chini kulia lilikuwa bado limefunikwa nusu na nyama ya fizi, na ukoga mzito ulikuwa umekaa juu yake. Bibi hakujua kwamba hayo ni meno ya kudumu. Alidhani ni ya utotoni na kwamba yatabadilika kama mengine, na dhana hiyo naikuta kwa wazazi karibu kila siku ya kazi.

Meno ya mbele ya ukubwani yalikuwa meupe kama chaki kwa chini, yana mistari ya kahawia, na mawili yalikuwa na vishimo vidogo vya juujuu. Nilipomwomba mtoto atabasamu aliziba mdomo kwa kiganja. Bibi alieleza kwamba darasani wapo watoto waliohamia kutoka mikoa mingine ambao humcheka.

Uamuzi wa kwanza na sababu zake

Gego lenye usaha tuliling'oa kwa ganzi. Ningependa kuliokoa, lakini mizizi ilikuwa imeshashambuliwa, na hatuna vifaa vya kutibu mzizi wa jino la mtoto. Magego matatu yaliyotoboka tuliyaziba kwa vifaa vya mkono bila mashine: uozo laini hukwanguliwa, kisha tundu hujazwa saruji ya glasi ayonoma ambayo hushikamana na jino na kuachia floraidi kidogo kidogo. Mbinu hii ilianza kujaribiwa hapahapa Tanzania katikati ya miaka ya 1980 na leo inatumika duniani kote. Tuliichagua kwa sababu haina mlio wa mashine, na mtoto huyu tayari alikuwa na kumbukumbu mbaya ya kiti cha meno. Tulijua pia kwamba matundu yanayogusa pande mbili za jino hayashiki saruji kwa muda mrefu kama yale ya upande mmoja. Mifereji ya magego matatu ya ukubwani tuliifunika kwa saruji hiyohiyo. La nne, lililofunikwa na fizi, tuliliacha lichomoze kwanza, kwa kuwa saruji haishiki vizuri jino likiloa mate.

Kisha nikatoa ushauri. Nilikuwa na wagonjwa kumi na mmoja kwenye benchi, na nilichosema ndicho ambacho sote tumezoea kusema: apunguze vitu vitamu, apige mswaki mara mbili kwa siku kwa dawa yenye floraidi, arudi baada ya miezi mitatu. Bibi aliitikia kila neno. Sikuuliza chochote.

Miezi mitatu baadaye

Waliporudi, saruji moja ilikuwa imetoka, jambo tulilolitarajia. Kilichotusikitisha ni kwamba gego la ukubwani lililokuwa chini ya fizi sasa lilikuwa limechomoza likiwa na sehemu laini ya kahawia kwenye mfereji wake, na kwamba kandokando ya fizi, kwenye magego mengine, kulikuwa na mistari mipya myeupe isiyong'aa, ambayo ni alama ya kwanza ya jino kupoteza madini kabla halijatoboka. Mtoto alikuwa anaanza kupoteza jino la kudumu, la kumfaa maisha yake yote, na mimi nilikuwa nimeshamwona.

Siku hiyo nilimweka bibi mwisho wa foleni kwa makusudi ili tupate muda. Badala ya kumuuliza kama mtoto anapiga mswaki, swali ambalo jibu lake huwa ndiyo, nilimwomba anisimulie siku iliyopita tangu mtoto alipofumbua macho hadi alipolala. Yaliyotoka ni haya.

Alfajiri mtoto hunywa chai ya maziwa yenye vijiko vitatu vya sukari pamoja na andazi. Njiani kwenda shule hununua pipi. Mapumziko hununua barafu ya mfuko. Akirudi hukaa gengeni kumsaidia bibi, na hapo kikombe cha chai kutoka kwenye chupa huwa kando yake mchana kutwa, akinywa funda moja sasa na jingine baadaye, huku akila biskuti zilizovunjika ambazo haziuziki. Usiku, kwa kuwa mama yake hayupo na mtoto hulia, bibi humpa chai nyingine kitandani. "Chai ndiyo inayomtuliza, mwanangu," aliniambia, na sikuwa na sababu ya kutomwamini.

Kuhusu mswaki, dawa ya meno yenye floraidi ilinunuliwa kweli baada ya ziara ya kwanza. Mama alipopigiwa simu alikumbusha onyo la kituo cha awali, na dawa ikawekwa kabatini. Kilichotumika ni mkaa uliosagwa pamoja na chumvi, ambao bibi aliusugua kwa kitambaa kigumu kwenye meno ya mbele kila asubuhi ili madoa yatoke. Fizi zilitoka damu, mtoto alilia, na kazi ikiisha hakuna aliyekuwa na moyo wa kugusa magego ya nyuma. Meno yaliyosuguliwa kwa bidii ndiyo ambayo hayakuwa na tundu hata moja, na yaliyokuwa yakioza hayakuguswa.

Nilimweleza kwamba madoa yale si uchafu. Floraidi inayomezwa kupita kiasi katika miaka ya mwanzo huvuruga ujenzi wa gamba gumu la jino likiwa bado ndani ya taya. Jino huota likiwa jeupe la chaki na lenye vinyweleo, kisha vinyweleo hivyo hufyonza rangi za vyakula na kugeuka kahawia baada ya muda. Kwa hiyo bibi hakukosea macho aliposema kwamba jino lilitoka jeupe na likachafuka baadaye. Alikosea sababu tu. Mkaa hauwezi kulifikia doa lililo ndani ya gamba, ila unaweza kulikwangua gamba lenyewe. Alinyamaza kwa muda, akamtazama mjukuu wake, akasema: "Kumbe nilikuwa namwonea bure."

Hesabu iliyobadilisha msimamo wa mama

Mama alikuja mwenyewe Jumatatu iliyofuata, na ndiye aliyekuwa na swali gumu: kama maji tayari yana floraidi nyingi, kwa nini tuongeze nyingine kwa dawa ya meno? Ni swali la mtu anayefikiri, na halistahili kujibiwa kwa kuambiwa afuate maelekezo.

Tulikaa tukapiga hesabu. Dawa ya meno yenye sehemu 1,000 za floraidi katika milioni ina miligramu 1 ya floraidi katika kila gramu. Kiasi cha ukubwa wa punje ya mchele ni takriban gramu 0.1. Mtoto mdogo akimeza chote, asubuhi na jioni, anapata miligramu 0.2 kwa siku. Kiasi cha ukubwa wa njegere, kinachomfaa mtoto wa miaka 3 hadi 6, ni takriban gramu 0.25, yaani miligramu 0.5 kwa siku akimeza chote, na mtoto wa miaka 7 aliyefundishwa kutema humeza pungufu sana ya hapo. Sasa chukua maji yenye miligramu 3 kwa lita, kiwango kisicho cha ajabu upande wetu. Mtoto anayetumia lita moja kwa siku katika maji, uji na chai anameza miligramu 3. Majani ya chai nayo hubeba floraidi yake, na magadi yanayotiwa kwenye maharage na kwenye kiburu, yaani ndizi zilizopikwa na maharage, huweza kubeba nyingine nyingi. Mama alitazama ile karatasi akasema: "Kwa hiyo tulifunga dirisha tukaacha mlango wazi."

Faida ya floraidi katika kuzuia kutoboka kwa meno hutokana hasa na kuligusa jino kwa nje, mdomoni, kila siku. Bakteria wa ukoga hugeuza sukari kuwa asidi, asidi huyeyusha madini ya jino, na mate huyarudisha polepole, kazi inayochukua nusu saa au zaidi baada ya kila tonge au funda tamu. Floraidi iliyopo juu ya jino huharakisha urudishaji huo. Ile iliyomezwa miaka iliyopita na kuacha madoa haiwezi kufanya kazi hiyo vya kutosha, na penye vishimo ukoga hupata hata maficho zaidi. Ndiyo maana mtoto mmoja anaweza kuwa na madoa ya floraidi kupita kiasi na meno yaliyotoboka kwa kukosa floraidi mahali inapohitajika.

Tulichobadilisha

Hatukutoa orodha ndefu. Tulikubaliana mambo matatu na kuyapanga kwa uzito, kwa sababu nyumba yenye bibi mmoja, watoto wawili na genge haiwezi kugeuza kila kitu kwa wiki moja.

La kwanza lilikuwa chai ya kitandani na kikombe cha gengeni. Usiku mate hupungua, na sukari inayoachwa mdomoni hufanya kazi hadi asubuhi. Chai haikukatazwa, ilipewa saa zake. Angeinywa asubuhi na jioni pamoja na chakula, na katikati angekunywa maji au maziwa yasiyo na sukari. Biskuti zilizovunjika zingeliwa mara moja, mara tu baada ya chakula cha mchana. Nilisisitiza kuliko jambo jingine lolote kwamba idadi ya mara ndiyo inayoumiza. Pipi tano zilizoliwa kwa mkupuo huliumiza jino kidogo kuliko pipi tano zilizogawanywa mchana kutwa.

La pili lilikuwa mswaki. Mkaa uliachwa. Bibi mwenyewe angeshika mswaki kila usiku, akiwa amesimama nyuma ya mtoto aliyeegemeza kichwa kifuani mwake, akianzia magego ya nyuma, kwa dawa ya kiasi cha njegere. Mtoto angetema bila kusukutua, ili floraidi ibaki juu ya meno. Mtoto wa miaka 7 hana wepesi wa vidole wa kusafisha magego peke yake, na kumwachia ni kumtwika mzigo wa mtu mzima. Tulifanya zoezi hilo mara mbili palepale kwenye kiti, bibi akiwa ndiye anayesafisha na mimi nikiwa mtazamaji, na nikagundua kwamba hakuwahi kufika kwenye gego la mwisho hadi nilipomwonyesha jinsi ya kuvuta shavu kwa kidole.

La tatu lilihusu maji, na hapa uamuzi ulimhusu zaidi mdogo wake kuliko mgonjwa wetu mwenyewe. Kwa umri wa miaka 7 magamba ya karibu meno yote ya ukubwani yanayoonekana mtu akicheka yameshajengwa, kwa hiyo kubadilisha maji kungemsaidia kidogo sana. Mdogo wake ndiye aliyekuwa katikati ya miaka ambayo meno yake ya mbele ya ukubwani yanajengwa. Tuliwashauri maji ya mvua kutoka kwenye tenki yatengwe kwa ajili ya kunywa na uji wa mtoto mdogo, yachemshwe kwa sababu ya vijidudu, na asipewe chai wala vyakula vilivyotiwa magadi. Tulieleza wazi kwamba kuchemsha maji ya bomba hakuondoi floraidi. Maji yanapopungua sufuriani, floraidi hubaki palepale na kuwa nzito zaidi. Tulizungumzia pia kichujio cha mkaa wa mifupa kinachonasa floraidi ya maji, teknolojia ambayo kituo cha Ngurdoto hapa Arumeru kimeifanyia kazi kwa miaka mingi. Mama aliona hawataweza kukihudumia, kwa kuwa mkaa huo huchoka na lazima ubadilishwe, na asiyeubadilisha hunywa floraidi ileile akiamini amejikinga. Tuliukubali uamuzi wake.

Gego la ukubwani lenye uozo tuliliziba siku hiyohiyo, na meno yenye mistari myeupe tukayapaka vanishi ya floraidi.

Matokeo

Tumemfuatilia kwa mwaka mmoja na miezi miwili. Magego yote manne ya ukubwani yapo, na hakuna tundu jipya lililotokea kwenye jino la kudumu. Mistari myeupe miwili imeanza kung'aa na kuwa migumu, dalili ya madini kurudi. Mmoja, uliokuwa kwenye gego la utotoni, uligeuka tundu na ukazibwa. Gego la utotoni ambalo saruji yake ilitoka lilizibwa tena, likaishia kung'olewa. Damu ya fizi imekoma.

Si yote yaliyoshika. Likizo ya Desemba walikuja binamu wanne, chupa ya chai ikarudi kukaa wazi mchana kutwa, na mswaki mmoja ukatumiwa na watoto watatu. Maji ya mvua yaliisha mwishoni mwa Januari, na kwa wiki kama tano, hadi masika ilipoanza, mtoto mdogo alikunywa ya bombani.

Uchambuzi

Kazi ya mikono ilifanywa vizuri katika ziara ya kwanza, lakini haikuzuia ugonjwa kuendelea, kwa sababu saruji hufunika tundu na haigusi kilichosababisha tundu. Kilichozuia ni yale masimulizi ya siku moja, ambayo yalichukua kama dakika ishirini na tano. Najua wenzangu watasema foleni hairuhusu. Dakika hizo ni pungufu ya muda tuliotumia baadaye kuziba gego ambalo lisingeoza kama ningeuliza mwanzoni.

Kosa la kituo cha awali lina mantiki yake, na ndiyo sababu ni la hatari. Mtoa huduma aliona doa, akaona na tundu, akayapa yote sababu moja. Wenyeji nao wamezoea kusema kwamba watoto wa huku meno yao ndivyo yalivyo, na kauli hiyo hufuta tofauti kati ya doa, ambalo limetokana na maji na halirudi nyuma, na tundu, ambalo limetokana na sukari ya mara kwa mara na linazuilika. Familia iliyoamini kwamba maji ndiyo yanayotoboa haikuwa na sababu ya kuangalia kikombe cha chai.

Kosa langu lilikuwa kutoa ushauri sahihi juu ya ushauri mwingine bila kujua kwamba ule wa kwanza upo. Sasa kwenye kadi ya kila mtoto mwenye madoa naandika jibu la swali moja: nani amewahi kukwambia nini kuhusu dawa ya meno? Na nimejifunza kumpigia simu mzazi asiyekuwepo, maana anayemleta mtoto si lazima awe ndiye anayeamua kinachonunuliwa.

Kuhusu madoa yenyewe tulichagua kusubiri. Zipo njia za kuyapunguza kwa kukwangua gamba la juu kitaalamu au kwa kufunika jino kwa kompositi, yaani kijazio chenye rangi ya jino, lakini kwa jino lililoota juzi, na kwa mtoto ambaye kiti cha meno bado kinamtia hofu, hakuna haraka. Akifika umri wa kusema mwenyewe anachotaka, tutazungumza naye. Ziara iliyopita bado aliziba mdomo kwa kiganja alipocheka.

Mdogo wake sasa anakaribia miaka 3. Meno yake ya utotoni ni masafi, na bibi humpiga mswaki kwa dawa ya kiasi cha punje ya mchele. Meno ya mbele ya ukubwani bado yamo ndani ya taya. Yataota akiwa na umri wa miaka 6 au 7, na ni hapo tu tutakapoona kwa macho kama maji ya tenki yalitosha, pamoja na zile wiki tano za kiangazi.